Jinsi ya kusoma hadithi za kale za kisayansi huku unaangalia wanawake wamepewa nafasi gani

Kama mna kikundi cha kusoma hapa Kigoma, iwe Ujiji, Mwanga au popote, na mnataka kuingia kwenye zile hadithi za zamani za mashine na safari za ajabu, anzeni na vitabu viwili tu: Frankenstein cha Mary Shelley (1818) na The Time Machine cha H. G. Wells (1895). Hakimiliki zake zimeisha kitambo, mnavishusha bure pale Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya zamani, na mafaili yenyewe mepesi, bando dogo linatosha. Kiingereza chake kigumu, kwa hiyo anayekiweza asome sura moja halafu awasimulie wenzie kwa Kiswahili, mtu asiachwe kisa lugha.

Sasa shika daftari. Kila mwanamke akitokea andika anachofanya, sura yake na nguo zake achana nazo. Jaribu kwa Weena wa Wells, mwanamke ambaye msafiri wa The Time Machine anamkuta zama za mbali zijazo: anakaribia kuzama mtoni anaokolewa na huyo msafiri, anampa maua aliyemuokoa, anamfuata kila kona, analia akiachwa, anachoka anabebwa, mwisho anapotea usiku msituni moto unawaka. Haya nitafutie jambo moja aliloamua yeye likageuza safari ya yule msafiri, utahangaika sana. Hapo msimame mjadili, maana mwandishi kaweza kuwaza mpaka mwaka 802701, kabuni jamii ya juu ya ardhi na ya chini ya ardhi, ila mwanamke wa huko kamfanya katoto. Nenda Kibirizi asubuhi uone akina mama wanavyovutana bei ya dagaa na wenye mitumbwi, hela wameshika wao. Na mtu asiwaambie eti ndo zama zile, wanawake wa kufanya biashara na kukata shauri walikuwepo hata zama zile.

Kwenye Frankenstein daftari peke yake litawadanganya. Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein (mwanasayansi anayeumba kiumbe hai), anasubiri, anaandika barua, anauawa usiku wa harusi yake, Justine, mtumishi wa nyumbani kwao, ananyongwa kwa kosa ambalo si lake, ukiishia hapo utasema Shelley naye yaleyale. Lakini nendeni pale kiumbe anapomwomba Victor amtengenezee mwenzi wa kike. Victor anakubali, anaanza kazi, halafu anamchanachana kabla hajapata uhai, na moja ya sababu zake ni kwamba huyo wa kike atakuwa na akili zake mwenyewe, anaweza kuyakataa makubaliano yaliyofanywa kabla hajaumbwa. Someni hapo kwa sauti, rudieni tena. Wawili wamepatana juu ya mtu ambaye hata hajazaliwa, na ile kuwaza tu kwamba anaweza kusema sitaki ikachangia kumwondoa! Mambo ya posa kupangwa binti hajaulizwa huku tunayajua, kwa hiyo hapa dada zetu waongee kwanza na nyie kaka zangu msiwakatize.

Mkishazoea ndo mwende kwenye hadithi za karne ya 20, na kwenye mapenzi swali liwe hili: nani anaweza kuondoka? Susan Calvin, mhusika wa mwandishi Isaac Asimov, ni bingwa wa akili za roboti, lakini kwenye "Liar!" ya 1941 roboti linamdanganya kuwa mwenzake wa kazini anampenda, akaanza kujipodoa, akaumia vibaya. Wahandisi wanaume wa hadithi hizohizo upweke wao haujafanywa kidonda, wa kwake tu, na hilo mimi linaniuma.

Mwandishi wa mwisho awe James Tiptree Jr., ambaye jina lake la kweli ni Alice Sheldon, Mmarekani aliyeletwa utotoni na wazazi wake Kongo ya Wabelgiji, hapo ng'ambo ya ziwa letu. Tafuteni "The Women Men Don't See" ya 1973, ambamo mama na binti wanaamua kuondoka kweli, pamoja na viumbe wageni wa anga, na msimulizi mwanaume haelewi kabisa kwa nini.