Kabla ya kununua jeki ya Land Cruiser, toa upepo kwanza

Mpwa wangu anaendesha watalii, makazi yake Karatu. Wiki iliyopita alinipigia: "Shikamoo mjomba. Jeki imekufa. Ninunue ya tani ngapi?" Nikamwambia tani tutazifikia. Kwanza atafute sehemu ya tambarare, atoe upepo wote kwenye tairi moja la nyuma, kisha aingize futi chini ya ekseli karibu na springi, anisomee ni sentimita ngapi. Akanyamaza kidogo. Nikamwambia sitanii.

Wengi wetu tunanunua jeki kwa kusoma namba ya tani ubavuni, kana kwamba shida ya porini ni uzito. Shida ya porini ni nafasi, na baada ya nafasi ni udongo. Land Cruiser yangu ni ile ndefu ya mfululizo wa 70, ekseli nzima mbele na nyuma (yaani bomba moja linalounganisha magurudumu mawili), matairi ya saizi 7.50R16. Tairi likiwa na upepo, chini ya ekseli napata sentimita 32. Likilala kwenye rimu, zinabaki 21. Jeki nyingi za chupa, zile za mafuta zenye umbo la chupa, za tani 5 zikiwa zimefungwa zina kimo cha kama sentimita 20. Za tani 20 ni ndefu zaidi, nyingi zinapita 23. Kwa hiyo yule aliyenunua ya tani 20 ili awe salama atakuta siku ya pancha haiingii, na itabidi achimbe.

Kuingia ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kutoka. Ili tairi la akiba lenye upepo liingie bila kusukumana na ardhi, chini ya ekseli inabidi pafike sentimita 37 au 38. Jeki ya kawaida ya tani 5 inapanda kama sentimita 12 kwa pampu, halafu ina skrubu kichwani inayoongeza kama 7. Dukani muuzaji atakujumlishia zote: 20 na 12 na 7 ni 39, inatosha. Lakini ile skrubu unaizungusha kabla ya kuinua, na kama nafasi uliyonayo ni 21, utaizungusha iende wapi? Utaishia 32, tairi lingine haliingii, na jua linazama.

Hapo ndipo nilipokwama Ndutu, kusini mwa Serengeti, miaka kadhaa iliyopita nikiwa na wageni sita. Niliinua mpaka mwisho, nikaweka kigogo chini ya ekseli, nikashusha jeki, nikaongeza ubao chini yake, nikaanza upya. Sili, ule mpira wa ndani unaozuia mafuta, haikuvumilia. Jeki ilianza kushuka taratibu huku mafuta yakitoka shingoni, na kilichoshika gari ni kile kigogo. Wageni walikuwa wamekwisha kuhamia gari la mwenzangu, ambalo tulilisimamisha upande wa vichaka, yeye akiangalia simba. Sikuumia. Ila tangu siku ile sinunui tena jeki yenye pistoni moja (ile nguzo inayopanda ukipampu) kwa ajili ya gari hili.

Ninayomshauri kila mtu mwenye ekseli nzima ni jeki ya chupa yenye pistoni mbili, moja ndani ya nyingine. Inaanzia chini, na inakwenda juu sana bila kutegemea skrubu. Tani 4 au 5 zinatosha kabisa. Gari likiwa na watu na mizigo lina kama tani 3, na unapoinua ekseli upande mmoja jeki inabeba kama tani moja hivi. Hata ya tani 2 ingebeba, lakini napenda sili isifanye kazi kwa jasho.

Dukani usilipe haraka. Omba kuijaribu kwenye gari lako hapo nje. Inua ekseli, weka stendi chini kwa tahadhari bila kuigusisha, chora mstari wa penseli kwenye pistoni pale inapotokea, kisha nenda ukanywe chai. Ukirudi baada ya dakika 20 mstari uwe palepale. Ukiwa umezama hata milimita chache, irudishe. Ipangusie kitambaa cheupe shingoni na kwenye kizibo cha kufungulia, uone kama kuna mafuta. Angalia pia mpini. Uwe mrefu wa kukuwezesha kupampu ukiwa nje ya gari, nyuma ya tairi. Mipini mifupi inakulazimisha kulala chini ya uvungu, na uvunguni wakati gari liko juu ya jeki hakuna cha kukupeleka.

Halafu udongo. Kitako cha jeki ya chupa ni kama sentimita 12 kwa 12, yaani 144 za mraba. Tani moja juu yake ni karibu kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa magharibi mwa Serengeti kuelekea Kirawira, mvua ikinyesha tu jeki inazama kama kisu kwenye ugali wa moto. Ubao mgumu wa 40 kwa 40 unazishusha kilo hizo mpaka chini ya moja. Mimi nina mbao mbili za mninga, nene kama vidole vitatu. Usitegemee kukata matawi, hifadhini hairuhusiwi. Kwangu jeki bila ubao haijakamilika, kwa hiyo ziweke kwenye bajeti moja.

Vijana wengi wanaitaka ile ndefu ya kupanda kwa meno, Hi-Lift, kwa sababu inapendeza ikifungwa nje ya gari. Ni chombo kizuri, kinatengenezwa Marekani tangu 1905, na kwenye matope hakina mpinzani: unainua bampa, gurudumu linatoka kwenye shimo, unaingiza mawe au ubao chini. Lakini inahitaji bampa la chuma lililofungwa kwenye chesisi. Prado yenye bampa la plastiki isahau. Na kwa kubadilisha tairi ni ya shida, kwa sababu inainua bodi kwanza, springi zinanyooka, gurudumu linachelewa kuondoka ardhini, na gari huku juu linayumba. Mpini wake ukikuponyoka wakati wa kushusha unapiga taya. Kichwa kikae mbali na njia ya mpini, mikono miwili ishike, na ukiacha hata kwa sekunde uache mpini ukiwa umesimama wima umebana kwenye nguzo. Vumbi likiingia kwenye pini zake haishuki, kwa hiyo ioshe na kuipulizia mafuta mepesi. Inunue iwe ya pili, baada ya chupa.

Jeki ya puto inayojazwa kwa moshi wa ekzosi inafaa mchangani. Kwetu miiba ya migunga itaimaliza. Ya mkasi iache kwenye magari madogo.

Ukishapata yako, mafuta yakipungua weka mafuta ya jeki yenyewe. Mafuta ya breki yanaharibu sili, na nimewaona mafundi wazuri wakiyatia. Ihifadhi pistoni ikiwa chini kabisa, imesimama, imefungwa kwa mkanda. Ile barabara ya mawimbi ya kwenda Naabi, lango la kuingia Serengeti, inatikisa mpaka kizibo kinalegea chenyewe, kwa hiyo kila ninapofika getini nakishika kwa mkono nione kama bado kimekaza.

Jana mpwa wangu amenitumia picha ya futi: 20 na nusu. Nimemwambia Jumamosi aje Arusha na gari lenyewe, twende wote dukani, na penseli awe nayo.