Zana za kutayarisha mahali pa mita ya stima: nunua ipi, acha ipi (somo)

Tuelewane kwanza kuhusu mpaka wa kazi. Mita ni mali ya Kenya Power: wao ndio huileta, huiunga na waya wa nguzoni na kuipiga sili, na sili hiyo haikatwi na mtu mwengine. Fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati) hutayarisha boksi, nyaya za kutoka mita hadi swichi kuu, ethi (njia ya kupeleka ardhini stima inayovuja) na vipimo. Zana za somo hili ni za sehemu hiyo.

Kama pesa ni chache, usianzie kwenye drili. Anzia kwenye bisibisi. Boksi la mita likinuka plastiki iliyoungua, mara nyingi ni skrubu ya tundu la waya imelegea: pale pana upinzani, upinzani unazaa joto, na joto linazidi kulegeza.

1. Bisibisi, kisu na kikata waya

Nunua bisibisi zenye alama ya pembetatu mbili na maandishi ya 1000 V. Bisibisi ya kawaida iliyozungushwa tepu si ya stima, hata tepu ikiwa nene vipi. Ncha zinazohitajika ni mbili: bapa ya milimita 6.5 na ya msalaba iitwayo PZ2. Wengi hutumia PH2, msalaba wa kawaida, kwenye skrubu ya PZ kwa kuwa zinafanana. Inashika, lakini ukikaza kwa nguvu inaruka na kuvuruga kichwa, nawe unadhani umekaza. PZ ina mistari midogo minne katikati ya ule msalaba. Nguvu ya kukaza imeandikwa ubavuni mwa breka kwa Nm (nyutoni-mita). Ukiweza, nunua bisibisi yenye kipimo hicho.

Waya wa shaba wa 16 mm² una nyuzi 7. Kisu kikikata uzi mmoja wakati wa kumenya, umebakiwa na chini ya 14. Kwa hivyo tafuta kisu cha kumenyea chenye ncha iliyopinda, na kikata waya cha mdomo wa mviringo. Msumeno wa chuma uache: unatawanya nyuzi na kuacha unga wa shaba ndani ya boksi. Pima kina cha tundu kabla ya kumenya. Ukimenya fupi, skrubu inakaza juu ya plastiki. Ukimenya ndefu, shaba inabaki nje. Kaza, tikisa waya, kaza tena.

2. Testa

Testa ya bisibisi yenye kitaa ibaki mfukoni. Inaweza kutowaka na stima ipo. Tumia testa ya nyaya mbili au multimita iliyoandikwa CAT IV (daraja la usalama wa kipimo), kwa sababu kwenye mita ndipo stima inapoingilia nyumbani. CAT III ni ya boksi la breka kwenda mbele. Ijaribu mahali unapojua pana stima, pima unapotaka kugusa, kisha rudi uijaribu tena.

3. Drili na ukuta

Hapa Lamu inatofautiana na bara. Kuta za kale za Mkomani, mtaa wa mji wa kale, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiweka drili kwenye mpigo (igonge huku ikizunguka), jiwe linamumunyika, tundu la milimita 8 linakuwa 12, na roplagi (plastiki ya kushikia skrubu ukutani) inazunguka tu. Zima mpigo, anza na biti ya 6, malizia na 8, puliza vumbi, tumia skrubu ndefu. Bado haishiki? Funga kwanza ubao wa mbambakofi kwa skrubu sita zilizotawanywa, kisha boksi juu yake. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hizi nyeusi za kufungia mbao huliwa na chumvi. Mji wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, basi uliza wahifadhi kabla ya kutoboa uso wa nyumba.

Nyaya ziingilie chini ya boksi, zikiwa zimepinda kidogo ili maji ya mvua yadondoke nje.

4. Ethi na mega

Rodi ya mita 1.2, klampu ya shaba nyeupe, nyundo ya kilo 2 na kofia ya kupigia. Bila kofia, kichwa cha rodi hufura na klampu haiingii. Mega (kipimo cha uzima wa plastiki ya nyaya) iwe ya 500 V. Usomaji usipungue megaohmu 1. Chomoa balbu na vyombo vyote kabla ya kupima, la sivyo utaviua.

Maswali ya wanachama

*Shela: Mwalimu, rodi yangu iko kwenye mchanga mkavu na kipimo kinazidi ohmu 200. Niongeze chumvi?*

Usiongeze, ndugu. Chumvi huoshwa na mvua na huila klampu. Unga rodi ya pili juu ya ya kwanza ushuke hadi penye unyevu, au pigilia nyingine umbali wa mita 2.4 na uziunge. Breka ya 30 mA ya kukinga mshtuko lazima iwepo hata hivyo.

*Malindi, Maweni: Waya umebadilika rangi kwenye swichi kuu. Nikaze tu?*

La. Shaba iliyoungua haishiki tena. Zima, hakikisha kwa testa, kata hadi kwenye shaba inayong'aa, menya upya. Kama tundu la swichi nalo limeungua, badilisha swichi. Ikiwa joto liko upande wa mita, usifungue. Piga simu Kenya Power.

*Langoni: Naweza kusogeza mita ya stima umbali wa mita mbili tu, fundi ni mjomba wangu?*

Hata mjomba hawezi. Mteja ndiye huomba Kenya Power wamhamishie.

*Malindi: Plaisi zinashika kutu ndani ya miezi. Nifanyeje, kaka?*

Zifute kwa kitambaa kilichoguswa maji yasiyo ya chumvi, zikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Mafuta yasifike kwenye mpini, unateleza. Na zisilale kwenye mashua.