Barua pepe haziingii ofisini? Anza na logi, si na main.cf

Malalamiko huwa yale yale: wateja wanasema wametuma, ofisini hakuna kilichofika. Kabla hujagusa mpangilio wowote, jua kwanza barua imekwama wapi; logi, yaani kumbukumbu za seva, itakuambia. Niliwahi kupoteza nusu siku nikichokonoa main.cf (faili la mipangilio ya Postfix), kumbe diski ilikuwa imejaa. Hapa nachukulia seva ni ya Linux, yenye Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayotunza masanduku ya watumiaji).

Hatua ya 1: Fungua logi, kisha jitumie barua

`tail -f /var/log/mail.log`

Kwenye Red Hat na ndugu zake, faili ni `/var/log/maillog`. Kama hakuna faili kabisa, tumia `journalctl -f -u 'postfix*'`. Sasa tuma barua kutoka anwani ya nje, Gmail kwa mfano, na uangalie. Ukiona `connect from`, barua imefika mlangoni; ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2: Logi imenyamaza

`dig +short MX ofisi.example`
`dig +short A mail.ofisi.example`

Amri ya kwanza ilete jina la seva, ya pili ilete IP yenu ya umma. MX (rekodi ya DNS inayotaja seva ya barua ya kikoa) huelekezwa kwenye jina, kamwe si kwenye namba ya IP, na jina hilo lisiwe CNAME, yaani jina la badala. Jibu likiwa tupu, angalia kama kikoa kimelipiwa. Hutokea kuliko watu wanavyokubali.

Halafu poti 25, mlango ambao seva hupokelea barua kutoka seva nyingine:

`ss -ltn | grep :25`

Ikionekana `127.0.0.1:25` peke yake, Postfix inasikiliza ndani tu. Weka `inet_interfaces = all` kwenye main.cf kisha uizime na kuiwasha upya; `reload` haitoshi kwa hili. Mwisho, ukiwa nje ya ofisi, jaribu `nc -v mail.ofisi.example 25`. Unatarajia mstari unaoanza na 220. Ikining'inia bila jibu, kagua fayawoli na ruta. Ila usijaribu kwa intaneti ya nyumbani ukaamini matokeo: watoa huduma wengi hufunga poti 25 kwa wateja wao. Jaribu kutoka seva nyingine.

Hatua ya 3: Logi imeongea

Hapa ndipo kesi nyingi huishia. Namba inayoanza na 4 maana yake "rudi baadaye", na seva iliyotuma itajaribu tena. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, na aliyetuma hurudishiwa barua yake. Kwa hiyo, kabla ya kuendelea na ukarabati:

`postconf -e 'soft_bounce = yes'`
`postfix reload`

Postfix sasa itajibu kwa 4 pale ambapo ingejibu kwa 5, na barua za wateja zitasubiri huko zilikotoka. Kisha soma mstari wenyewe:

- `Relay access denied`: seva haijui kwamba kikoa ni chake. Kiweke kwenye `mydestination` au `virtual_mailbox_domains`, kimojawapo tu. Kukiweka kote kuwili ni kujitafutia shida.
- `User unknown`: anwani haipo, au jedwali limehaririwa bila kuendesha `postmap`, amri inayolijenga upya ili Postfix iyaone mabadiliko.
- `Insufficient system storage`: endesha `df -h`, na pia `df -i`. Diski huweza kuwa na nafasi tele huku inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) zimekwisha kwa sababu ya mafaili madogo madogo.
- Jina la orodha ya kuzuia taka: kama kila anayetuma anakataliwa, huenda orodha hiyo imefungwa na sasa inajibu "ndiyo" kwa kila IP. Iondoe.

Hatua ya 4: `status=sent`, lakini sanduku tupu

Tazama `relay=` kwenye mstari huohuo. Ikiwa ni `local` ilhali watumiaji wenu wako kwenye Dovecot kupitia LMTP (itifaki ya kukabidhi barua kwa Dovecot), barua zinarundikana kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Mara nyingi ni kikoa kilichobaki kwenye `mydestination` kwa kusahauliwa. Ikiwa njia ni sahihi, kagua folda ya taka na vichujio vya Sieve (kanuni za kupanga barua zinazoingia).

Zilizobaki kwenye foleni utaziona kwa `postqueue -p`. Zisukume kwa `postqueue -f`. Jitumie barua nyingine, na ikiingia, rudisha `soft_bounce = no`.