Namna ya Kuchagua Kitenzi cha Kiingereza cha Kusafiri au Kutangatanga

Anayefungua kamusi kutafuta kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kutangatanga hukuta msururu mrefu: wander, roam, ramble, rove, stray, drift, meander. Kamusi humpa maana zinazokaribiana kwa vyote, kisha humwacha achague kwa kubahatisha. Ninapendekeza uuweke kando msururu huo kwanza na uuchunguze mwendo wenyewe kwa kujiuliza iwapo anayekwenda anajua anakokwenda, iwapo anakwenda kwa hiari yake, na iwapo atarudi. Ukishapata majibu hayo, vitenzi vingi vitakuwa vimejiondoa vyenyewe.

Ikiwa mahali pa kufikia panajulikana na ni mbali kiasi, kitenzi cha kuanzia ni travel. Hutumika kwa chombo chochote, kama katika “We travelled to Paris by train”, yaani tulisafiri kwenda Paris kwa treni. Tatizo huanza kinapogeuzwa kuwa nomino, kwa sababu Kiingereza hakisemi “a travel” kwa maana ya safari moja. Safari ya kwenda na kurudi huitwa trip, na mwendo wenyewe wa kutoka mahali hadi mahali, hasa ukiwa mrefu, huitwa journey. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi kila siku kuna commute, na kwa mwendo mrefu wa kuchosha, hasa wa miguu, kuna trek, neno ambalo Kiingereza kililichukua Afrika Kusini kutoka kwa wasemaji wa lugha yenye asili ya Kiholanzi waliosafiri kwa magari ya kukokotwa na ng’ombe. Anayehama kwenda kuishi mahali pengine hutumiwa migrate. Ukitaka kutaja anakotoka, andika emigrate from, na ukitaka kutaja anakoingia, andika immigrate to.

Pale ambapo hakuna mahali maalumu pa kufikia ndipo umakini unapohitajika zaidi. Wander ndicho kitenzi kipana kuliko vyote katika kundi hili: mtu anakwenda polepole, hana haraka, na njia anaichagua kadiri anavyoendelea. Roam kinabeba eneo kubwa na uhuru zaidi, ndiyo maana husemwa wanyama “roam the plains”, kwamba wanazunguka watakavyo katika mbuga. Stroll ni matembezi mafupi ya kujiburudisha, na mtu aliye na njaa, aliyepotea au aliyefukuzwa hatumiwi kitenzi hicho hata kidogo. Ramble, hasa Uingereza, ni matembezi marefu ya mashambani kwa ajili ya starehe, lakini hutumika pia kwa mtu anayezungumza bila mpangilio. Meander, kilichotokana na jina la kale la mto wenye kona nyingi ulioko Uturuki, hufaa zaidi kwa mito na njia kuliko kwa watu. Rove leo hukutwa zaidi katika maandishi ya kifasihi, kwa hiyo anayejifunza akielewe anapokisoma, lakini hana haja ya kukitumia.

Chukua methali yetu, “Mtembea bure si mkaa bure”, ujaribu kuitafutia kitenzi. Walk hakitoshi, maana kinaeleza miguu tu bila kugusa ule “bure”. Travel kinaleta safari yenye mwisho unaojulikana, jambo ambalo methali haisemi. Stroll kinaleta starehe ambayo nayo haimo. Kinachobaki ni wander, kwa kuwa kinakubali mtu atoke bila lengo na bado kinaacha nafasi ya kuokota kitu njiani. Ninaliona zoezi hili, la kuchukua sentensi ya Kiswahili unayoifahamu vizuri na kukataa vitenzi kimoja baada ya kingine kwa sababu, kuwa na faida kubwa kuliko kukariri maana kumi.

Hiari nayo ina uzito wake. Drift ni kwenda kama kitu kinachochukuliwa na maji, kwa hiyo anayesemwa “drifted from town to town” alihama mji hadi mji bila mpango wa maisha. Stray ni kutoka katika njia au kundi ulilopaswa kubaki nalo, na mara nyingi kina lawama ndani yake. Lawama ya kuzurura, hata hivyo, isikupeleke moja kwa moja kwenye loiter, kwa sababu kitenzi hicho husemwa juu ya mtu anayebaki mahali pamoja bila shughuli inayoeleweka. Ukitaka kumlaumu anayezungukazunguka akitafuta raha, gallivant ndicho kinachofaa.

Baada ya kuchagua kitenzi, angalia vihusishi, kwa maana hapo ndipo Kiswahili chetu hutuponza. Sisi husema “nimefika London” bila kuongeza neno lolote, na sentensi hiyo hulingana vizuri na reach, ambacho hakitaki kihusishi: “I reached London”. Arrive kinakitaka, tena si to: ni in kwa mji au nchi, na at kwa kituo, jengo au mahali padogo. Visit hakifuatwi na to. Go hufuatwa na to, isipokuwa mbele ya maneno kama home, abroad, here na there. Wander na roam vinakubali njia zote mbili, kwa hiyo “wander through the streets” na “wander the streets” ni sahihi.

Tofautisha pia “She has gone to London”, yaani amekwenda na hajarudi, na “She has been to London”, yaani amewahi kufika huko. Vilevile, unapoondoka mahali kwa muda, ile “nakuja” tunayomwachia tunayemuaga haitafsiriwi kuwa “I’m coming”, kwa kuwa msikilizaji wa Kiingereza atadhani unamsogelea. Sema “I’ll be right back”.

Katika tahajia, Uingereza huandika travelled na travelling kwa l mbili, na Marekani huandika traveled na traveling kwa l moja. Chagua mtindo mmoja, ubaki nao katika andiko zima. Trek huongeza k na kuwa trekked kokote. Katika matamshi, jihadhari zaidi na wander na wonder, ambavyo husikika kinyume cha maandishi yake: wander, kutangatanga, hukaribia sauti ya “wonda”, na wonder, kujiuliza au kustaajabu, hukaribia “wanda”. Vitamke vyote viwili kwa sauti, kimoja baada ya kingine, mpaka sikio livitenganishe bila msaada wa macho.