Kupanga Picha ya Jengo: Tembea Kwanza, Kamera Baadaye

Picha nyingi za majengo huharibika kabla kamera haijawashwa, kwa sababu mpiga picha husimama pale pale alipofikia. Lizunguke jengo kwanza, ulitazame kwa mbali na kwa karibu, ujiulize kilichokuvutia ni nini hasa, iwe ni urefu wake, mpangilio wa madirisha au namna ngazi zinavyopinda kuelekea mlangoni, kwa kuwa mahali pa kusimama hutegemea jibu hilo.

Ukisimama mkabala na katikati ya jengo, utapata picha tulivu inayoonyesha ulinganifu, lakini ulinganifu hauvumilii uzembe, na hatua chache tu za pembeni hutosha kuuvuruga. Ukisimama kwenye kona, pande mbili huonekana pamoja na jengo hupata kina. Hapo napendelea upande mmoja utawale, kwani pande zikilingana kabisa, kona hulikata jengo vipande viwili.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni mistari ya wima. Kamera ikielekezwa juu ili kulipata paa, sensa yake, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, haibaki sambamba na ukuta, hivyo kuta hukaribiana kadiri zinavyopanda, na jengo huonekana kama linaanguka kinyumenyume. Inyooshe kamera, kisha urudi nyuma au ukwee mahali palipoinuka, ikiwezekana hadi karibu nusu ya kimo cha jengo. Pasipo nafasi hiyo, igeuze kamera ili picha iwe ndefu kwenda juu, bila kuielekeza juu, halafu ukate baadaye kwenye picha sehemu ya ardhi iliyozidi. Programu za kuhariri hunyoosha kuta pia, ila hula kingo za picha, kwa hiyo acha nafasi kuzunguka jengo. Ukiamua kuelekeza kamera juu kwa makusudi, fanya hivyo waziwazi, maana mwinamo mdogo huonekana kuwa kosa.

Lenzi pana, ya milimita 16 hadi 24 kwa kamera ya fremu kamili (yenye sensa inayolingana na filamu ya milimita 35), hukushawishi usogee karibu mno, na ukaribu huo ndio unaokuza mlango na kulidunisha paa. Uwiano wa sehemu za jengo hubadilishwa na umbali, wala si na lenzi yenyewe.

Mwanga wa pembeni huibua michongo na ukwaruzo wa kuta, ilhali mbingu yenye mawingu hufuta vivuli na kuacha umbo peke yake. Bernd na Hilla Becher, wapiga picha wa Ujerumani walioanza kazi yao ya pamoja mwaka 1959, walichagua mwanga huo wa mawingu uliotulia kwa minara ya maji na majengo ya viwanda. Kwa jengo lenye taa, subiri jua lizame, uweke kamera kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, na upige wakati mbingu ingali ya buluu.

Mtu mmoja anayepita hudhihirisha ukubwa wa jengo kuliko maelezo yoyote. Kabla ya kubonyeza, pitisha macho kwenye kingo zote nne za fremu, kwani huko ndiko hujificha nyaya, matawi na ncha ya paa iliyokatika.