Somo: Kufunga injini kwenye baiskeli ya Phoenix bila stadi kukatika

Mwangaluka ndugu zangu. Juzi mteja amekuja kijiweni na Phoenix yake ameikokota tangu Ipuli, hapa Tabora, injini inaning'inia kwa stadi moja (ile bolti isiyo na kichwa inayoingia kwenye injini) kama jino bovu. "Fundi, nati nilizikaza mwenyewe, tena kwa nguvu zote." Nilimwamini, kwa sababu nati bado zilikuwa zimekaza. Kilichokatika ni stadi, imekatika usawa kabisa na kasha la injini. Nilipofungua kishikio nikaona rangi ya bomba imelika mistari miwili tu, mmoja juu na mmoja chini; hapo katikati rangi ni ile ile ya dukani. Kishikio hakikuwa kimelikumbatia bomba, kilikuwa kimegusa ukingoni. Injini ikawa inacheza kidogo kidogo, na kila ikicheza stadi inapinda na kunyooka, mpaka imechoka.

Kwa hiyo leo tunazungumzia maunti, yaani vile vishikio viwili: cha nyuma kinachoshika bomba la kiti, na cha mbele kinachoshika bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye pedeli. Injini ni zile za tustroki zinazokuja kwenye boksi na kuitwa sisi 80 (cc, yaani ujazo wa silinda). Nyingi pistoni yake ina upana wa milimita 47 na inatembea milimita 38; piga hesabu mwenyewe, utapata sisi 66. Silinda ni moja, kwa hiyo mtetemo upo tu, hauondoki.

Hatua ya 1: Pima mabomba

Tumia kalipa (kile kipimo chenye taya mbili), siyo tepu. Vishikio vya boksini vimetengenezwa kwa mabomba ya milimita 28 hivi, na ndiyo maana Phoenix na baiskeli za aina yake zinakubali bila ugomvi mkubwa. Baiskeli za gia za siku hizi, hasa za aluminiamu, bomba la mbele linaweza kufika milimita 35 na kuzidi. Hapo cha boksini hakikai, hata ukikilazimisha.

Hatua ya 2: Kata kadibodi kabla ya kukata chuma

Weka injini kwenye fremu, imekaa chini iwezekanavyo, mwenzako aishike. Zungusha pedeli mzunguko mzima. Angalia mkono wa pedeli usiguse mfuniko wa injini upande wowote, na kabureta isibanwe na bomba la kiti. Ukiridhika, angalia pengo lililobaki kati ya injini na bomba la mbele, kisha kata kadibodi ya umbo hilo na uweke alama za matundu ya stadi. Boksi lenyewe la injini linatosha kwa kazi hii. Nimeshaona watu wanakata bati la milimita 6 kwa kukadiria kwa macho, halafu wanalitupa na kukata lingine.

Hatua ya 3: Tengeneza kikalio

Kikalio ni ile sehemu ya kishikio inayolikumbatia bomba. Hapa msiharakishe. Kama bomba lako la mbele ni nene, tafuta kipande cha bomba la maji. La inchi moja na robo, upana wake wa ndani ni kama milimita 35 au 36, kwa hiyo linakaribia kabisa bomba nene la baiskeli. Kata urefu wa sentimita 6, pasua katikati kwa urefu, upate vipande viwili kama mtaro wa maji. Kimoja kinachomelewa kwenye bati linaloshikwa na stadi za injini, cha pili kinakuwa mfuniko wa upande wa pili, vinabanwa kwa bolti nne.

Bomba la maji likiwa na zinki, ondoa ile zinki yote kwa grenda kabla ya kuchomelea, na uchomelee nje penye upepo. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku, mimi ulishanilaza.

Sasa kipimo chenyewe. Paka masizi ya taa ndani ya kikalio, kibane kwenye bomba, fungua, angalia. Masizi yakihamia kwenye bomba kwa mistari miwili, bado. Piga tupa palipogusa, rudia. Ninataka kuona weusi umeenea eneo lote. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na utanung'unika. Endelea tu.

Hatua ya 4: Stadi

Za boksini nyingi ni laini. Badilisha kwa zenye maandishi 8.8, ndiyo alama ya uimara wa chuma. Stadi ya milimita 8, ambayo nati yake ni spana 13, iingie ndani ya aluminiamu angalau milimita 12. Safisha uzi kwa petroli, paka gundi ya nyuzi (ile inayozuia bolti isilegee), iingize kwa mkono, kisha funga nati mbili zinazobanana ndiyo uikaze. Usiishike kwa koleo ukaharibu uzi.

Hatua ya 5: Kufunga

Funga nyuma kwanza lakini usikaze. Funga mbele, usikaze. Sasa vuta uzi wa fundi cherehani kutoka sproketi (gia ya meno inayobeba cheni) ya nyuma hadi ile ndogo ya injini: uende moja kwa moja. Cheni ikienda kombo italia, itaruka, na siku ikijikunja kwenye spoku utaanguka. Ikikaa sawa, kaza nati kwa kupokezana, robo mzunguko huku, robo kule. Cheni iache ilegee kama nusu inchi. Baada ya kilomita 5 simama ukague, baada ya 20 tena. Ukiona unga wa kijivu uliochanganyika na oili pembeni ya kishikio, hiyo ni aluminiamu inasagika: kuna kitu kinacheza.

Na breki zile za vyuma za Phoenix zitengenezwe kabla hujawasha injini.

Maswali ya wanachama

Swali (Urambo): Shikamoo fundi. Mimi nimeweka raba ya tyubu kati ya kishikio na bomba ili kupunguza mtetemo. Nimekosea?

Marahaba mwanangu. Kipande chembamba kimoja cha kulinda rangi, sikugombezi. Lakini tabaka tatu nne, hapana. Mkono hautasikia mtetemo, stadi itausikia. Raba inaminywa, nati inalegea, unakaza tena, inaminywa tena.

Swali (Nzega): Kwenye boksi kuna bolti ndefu ya kupitisha katikati ya bomba la mbele. Nitoboe?

Usitoboe. Bomba la baiskeli ukuta wake ni mwembamba kama milimita moja, na tundu hilo liko mahali panapobeba injini. Ufa utaanzia hapo. Fanya kikalio cha hatua ya 3.

Swali (Ng'ambo, hapa hapa mjini): Kwa nini nisichomelee kishikio kwenye fremu moja kwa moja, yaishe?

Kwa sababu hayataisha. Fimbo ya kuchomelea inatoboa ukuta mwembamba, na pembeni ya mshono chuma kinadhoofika. Pia siku ukitaka kusogeza injini milimita tatu ili cheni inyooke, utafanyaje?

Swali (Kigoma): Kaka, huku kwetu ni milima, ukitoka bandarini unapanda tu. Fundi mmoja ananishauri sproketi ya meno 36 badala ya 44.

Hiyo 36 ni ya huku kwetu tambarare, kwa mtu mwenye haraka. Kwa kilima baki na 44. Ukiweka ndogo, injini itakoroma mlimani, na mtetemo wa injini iliyoelemewa ndio mbaya kuliko wote kwa maunti.

Swali (Sikonge): Fundi, baiskeli ni ya mke wangu, ile ya kike isiyo na bomba la juu. Inafaa?

Shemeji atakuchukia bure. Hapo katikati hakuna nafasi ya injini kukaa, na fremu yenyewe inajipinda kirahisi. Tafuta ya kiume iliyotumika, ikague viungo vyote kwa nyufa, uje nayo nikuonyeshe.

Swali (Urambo tena): Nimetoa raba zote. Sasa masizi yanatoka upande wa kushoto tu.

Basi bati lako limepinda wakati wa kuchomelea. Linyooshe, usipige tupa.