Picha ndogo ya mafuta: rangi zisigeuke tope
Ukitaka kumaliza picha ya rangi za mafuta kwa mkao mmoja, kwenye kibao cha sentimita 15 kwa 20 hivi, changanya rangi zote kabla brashi haijagusa kibao. Changanya kwa kisu cha rangi. Mafungu matano au sita yanatosha, kila moja kama nusu kijiko cha chai. Wengi huminya rangi kidogo mno; ikiisha katikati ya kazi, ile wanayochanganya upya haifanani tena.

Brashi iwe bapa, upana wa sentimita 1. Nyembamba itakuvuta kwenye kope na majani kabla umbo halijasimama.

Anza na vivuli, rangi ikiwa imelegezwa kwa tapentaini kidogo. Mwanga uje mwisho, mzito, bila kulegezwa. Weka mguso mmoja, uache. Ukirudia kusugua, brashi huzoa rangi mbichi ya chini na kuipandisha juu. Nyeupe ikiingia kwenye kivuli, kinapauka kama chaki. Hapo usihangaike kufunika. Kwangua kwa kisu, pangusa, paka upya. Na ufute brashi kwa kitambaa kila unapohamia fungu jingine.

Vitambaa hivyo, tafadhali sana, usivirundike: mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hizi yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.